Herufi Isiyozama

Kiharusi kilipomtembelea Fundi Herufi kilichukua vitu viwili na kuacha kimoja. Kilichukua mkono wa kulia, ule uliochonga shaba kwa miaka arobaini. Kilichukua maneno yote aliyokuwa nayo kinywani: matusi yake kwa wateja wabishi, masimulizi yake juu ya marehemu mkewe, hata majina ya watoto wake. Kikaacha neno moja tu, kama mwizi anayekomba jiko zima na kusahau kijiko kimoja mezani. Neno lenyewe lilikuwa "ndiyo."

Akitaka chai, ndiyo. Asipoitaka, ndiyo. Nzi akimtua puani, ndiyo. Akili yake ilibaki nzima kama yai. Maneno yalijipanga humo ndani kwa adabu, kila moja na sura yake, ila yakifika mlangoni pa meno yote yanatoka yamevaa vazi moja.

"Msiihesabu ndiyo ya baba," Kitinda alizoea kuwaambia watu. Huyu alikuwa binti yake wa mwisho, mkaa kaunta, na jina hilo la kitindamimba lilimganda tangu utotoni. "Mtazameni macho. Macho bado yanasema kweli."

Kaka yake mkubwa hakuwa na subira ya kusoma macho. Yeye walimwita Injinia, si kwa cheti, bali kwa sababu akiwa na miaka tisa alifungua redio ya baba yake, akairudisha, zikabaki skrubu tatu mkononi na redio ikaimba. Tangu mzee aanguke, duka lilikuwa juu yake. Asubuhi hiyo alikuwa amevaa shati la harusini.

"Leo tunakwenda kuchagua mashine, baba," alisema huku akimfunga mzee vifungo. "Ya leza. Usinikunjie uso. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Ndiyo," alisema Fundi. Alimaanisha: kifungo cha juu kinanikaba.

Duka lao lilikuwa chumba kimoja kati ya fundi viatu na muuza vioo. Juu ya mlango Fundi alikuwa amechonga maneno yake mwenyewe:

*Herufi yetu huzama,*
*haifutwi na zama.*

Hayakuwa mapambo. Kazi kubwa ya duka ilikuwa vibao vya shaba vya makaburini, vitu vinavyokaa nje juani na mvuani bila mtu wa kuvionea huruma. Kwa hiyo palikuwa na sheria. Kibao hakitoki dukani mpaka mtu afumbe macho na kukisoma kwa kidole gumba. Kidole kikitumbukia katika kila herufi, kibao kinakwenda. Kikiteleza, kinarudi mezani. Watoto wote wawili walijua kusoma kwa gumba kabla hawajapelekwa shule.

Aliyekuwa akichonga herufi hizo ni Bibi. Bibi ilikuwa mashine ya mkono, ya chuma kizito, yenye mikono miwili: mmoja unafuata herufi kubwa ya mfano, wa pili, wenye sindano, unaichonga herufi ileile ikiwa ndogo juu ya shaba. Ujanani mashine hiyo iliitwa Mke Mwenza. Mkewe Fundi ndiye aliyeipa jina. "Leo umeshinda kwa mwenzangu, basi na chakula akupikie yeye," alikuwa akimwambia. Meno ya mashine yalipoanza kulika wakaipandisha cheo kuwa Bibi. Hakuna aliyeelewana nayo isipokuwa Fundi. Injinia akiigusa, herufi zilitembea kama walevi.

Mwaka mmoja kabla ya kiharusi, mkewe alifariki. Fundi alimkatia kibao chake mwenyewe, akakisugua mpaka kikawa kioo. Kila asubuhi alikipachika kwenye Bibi, akashika mkono wa mashine, akakitoa tena. "Kesho," alikuwa akisema. Kesho zikawa nyingi, mpaka siku moja mkono wenyewe ukakataa. Kaburi la mama yao lilikuwa bado na kijiti chenye namba ya rangi nyekundu, na kila aliyepita pale aliona namba, hakuona mtu.

"Kitu cha kwanza kuandikwa na mashine mpya ni jina la mama," Injinia aliapa mlangoni, akimshika baba yake kwapani. "Sitaki mtu mwingine atangulie."

Hilo Fundi alilikubali kwa moyo wote. Na ndiyo yake, kwa mara hiyo moja, ilitoka mahali pake.

Jambo moja hakuwahi kulisema, hata alipokuwa na ulimi wa kukatia kamba. Kila Jumamosi mchana aliwatuma watoto wakale, akashusha mlango, akatoa chupa nyeusi chini ya benchi. Ndani yake mlikuwa na dawa yake: sandarusi, ule utomvu mgumu wa mti, iliyopondwa na kuyeyushwa katika spiriti, nta kidogo, na kitu kingine alichokitaja moyoni tu. Kwa kitambaa laini alipaka kila kipande cha shaba dukani, kikubwa kwa kidogo, hata vile vya kutupwa, tabaka jembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Shaba ikiachwa uchi huota ukijani na kushika alama za vidole. Ya kwake haikuota kitu. Sindano ya Bibi ilipita juu ya dawa hiyo kama haipo. Watu walistaajabu. Watoto walidhani baba yao anafuta vumbi.

"Siri yako ni nini, Fundi?" wenzake walimuuliza.

"Siri ya mtungi aijuaye kata," alijibu. Watoto walipomuuliza alicheka: "Mtaijua siku nikifa."

Alikuwa amepiga hesabu ya kuishi na hesabu ya kufa. Hii ya katikati hakuipiga.

*

Duka la mashine lilikuwa na sakafu inayong'aa na baridi ya kutengenezwa. Muuzaji aliwapokea kwa mikono miwili, kijana nadhifu mwenye beji kifuani, na kabla hawajaketi alikuwa amekwisha kutamka "dhamana" mara nne. Kitinda akamnong'oneza baba yake sikioni, "Huyu ni Bwana Dhamana." Fundi akacheka kwa upande mmoja wa uso, upande uliobaki.

Mashine zilikuwa mbili ambazo mfuko wao ungeweza kufikia mojawapo, na bei zao zilikuwa ndugu wa tumbo moja.

"Hii ndogo," alisema Bwana Dhamana, akigusa kisanduku kilichosimama pembeni, karibu na mlango wa choo, "tunaiita ya nyuzi, maana mwanga wake hupita katika nyuzi za kioo. Kazi yake ni chuma tu, cha kila aina, hata shaba. Meza yake ndogo, kama daftari la shule. Lakini kwa chuma haina utani."

"Na ile?" Injinia alikuwa ameshaanza kuizunguka ile kubwa.

"Ile ni ya gesi. Mwanga unazaliwa ndani ya mrija wa kioo. Mbao, ngozi, plastiki, kioo, mawe, inaandika na inakata. Meza yake unaweza kulaza mtoto. Ina feni ya moshi, ina pampu ya maji, ina dhamana ya miaka miwili."

"Na shaba?"

"Chuma kitupu haigusi, kaka. Sitaki kukudanganya."

Injinia alivuta pumzi. Fundi alimwona. Alikuwa akimjua mwanawe kama kiganja chake: macho yake yalikuwa yameshalala juu ya meza ile kubwa, yameshajifunika na shuka. Kwa miezi miwili nyumbani hapakuwa na hadithi nyingine ila vibao vya mbao vya maofisi, vishikio vya funguo, ngao za mashindano, mapambo ya milangoni. "Wafu ni wateja wazuri," alikuwa akisema, "lakini kila mmoja anakuja mara moja tu."

"Tujaribu kwanza," alisema Injinia. "Baba alitufundisha: usijaribu mashine kwa kipande cha muuzaji. Mchinjaji hakuonjeshi nyama mbovu. Nenda na chako."

Akafungua begi, akatoa kopo la vipande vya shaba kutoka chini ya benchi la baba yake.

Fundi alijivuna kusikia fundisho lake likirudiwa. Kisha akaliona kopo, na fahari ikamtoka. Kila kipande mle ndani alikuwa amekipaka kwa mkono wake.

Walianza na ile ndogo. Ilitoa mlio mwembamba kama wa mbu, cheche zikaruka, moshi kidogo, ikanyamaza. Kitinda akachukua kipande na, kwa mazoea, akakiweka kwenye gumba la kushoto la baba yake. Fundi akafumba macho. Kidole kikatumbukia. Herufi zilikuwa na ukingo na zilikuwa na kina. Kuta zake zilisimama wima kuliko za Bibi alipokuwa msichana. Miaka mitano alikuwa ameikataa leza. "Moto hauandiki," alikuwa akisema, "moto unachoma." Sasa gumba lake lilikuwa likimwambia kwamba alikuwa mjinga kwa miaka mitano, naye hakukasirika hata kidogo. Alitaka kuinuka aikumbatie mashine ile.

"Ndiyo!" alisema.

"Umeona, baba? Na hiyo ni ndogo tu," alisema Injinia. "Haya, weka kwenye kubwa."

"Kaka, nimekuambia chuma kitupu..."

"Yetu ni shaba, tena shaba ya mzee huyu. Weka."

Bwana Dhamana akainua mabega, akaweka. Kifuniko kikashuka. Kichwa cha mashine kikaanza kwenda na kurudi juu ya kipande, na nyuma yake, mstari kwa mstari, herufi zikaanza kuonekana: kahawia iliyoiva, safi, nzuri, kama zimeandikwa kwa kalamu na malaika.

"Lahaula!" alisema Bwana Dhamana. Alishangaa kweli, hakuigiza. "Miaka mitatu niko hapa sijaona. Macho hayana pazia. Labda shaba yenu ni laini."

"Shaba yetu ni shaba," alisema Injinia, na kifua kikamtangulia.

Ndipo harufu ikamfikia Fundi. Haikuwa harufu ya chuma. Chuma hakina harufu hiyo. Ilikuwa tamu, nzito, ya moshi wa chetezo. Ilikuwa sandarusi yake ikiungua. Mashine haikuwa ikiandika juu ya shaba. Ilikuwa ikichoma ngozi ya kitunguu.

"Ndiyo!" alisema. "Ndiyo! Ndiyo!"

"Hata marashi inajipaka," Bwana Dhamana alicheka, akipunga moshi. "Mashine imewapenda."

Kitinda akainama. "Maji, baba?" Akamletea glasi. Fundi akaisukuma kwa mkono wa kushoto, na nusu ya maji ikaishia kwenye shati la harusini.

"Pole pole, mzee wangu," alisema Injinia, akijipangusa.

Fundi akakinyakua kile kipande. Akafumba macho kwa nguvu ili wamwone amefumba, akapitisha gumba. Kiliteleza. Akakipitisha tena, na tena, kisha akafumbua macho na kutikisa kichwa kushoto na kulia, kwa uwazi ambao hata mbuzi angeuelewa.

Kitinda alielewa. "Kaka, baba anakataa."

"Anakataa nini? Lini umewahi kumwona baba akiikubali mashine?" Injinia hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi, alisema kwa upole, kama mtu anayemtetea mzazi wake. "Alikataa simu ya mkononi. Alikataa kompyuta. Alikataa hata taa ya benchi, akasema ina mwanga wa kipumbavu. Angekuwa na ulimi, hapana yake tungeisikia kabla hatujavaa viatu."

Fundi aliyasikia hayo na hakupata mahali pa kuyapinga. Yalikuwa kweli, yote. Hapana zake alikuwa amezitumia ovyo, akazimaliza.

"Lakini ameisoma kwa gumba, na gumba limekataa," Kitinda alisema taratibu.

"Gumba la kushoto hilo. Limeanza kusoma lini? Tena leza huandika laini, siyo kama Bibi anavyolima. Muulize mwenye mashine."

"Laini, ndiyo," alisema Bwana Dhamana, kwa kuwa hilo lilikuwa kweli kwa mbao.

Likabaki jambo moja. Fundi aliinua mkono wa kushoto na kunyoosha kidole kuielekeza mashine ndogo. Hii. Hii hapa. Mnunulieni mama yenu hii. Alikielekeza kwa muda mrefu, jasho likimtoka kwenye nyusi.

Injinia alifuata kidole kile, akakiona kinapoishia: mlango wa choo.

"Aa! Jamani, tumemtesa mzee. Twende, baba, twende."

Akamwinua. Wakaipita mashine ndogo kwa karibu sana, hata mkono wa Fundi ukaigusa ubavuni, na ulikuwa bado na joto. Chooni mwanawe akamfungua suruali kwa adabu, akaangalia ukutani, akaanza kupiga mluzi mdogo wa kumhimiza, kama mama anavyomfanyia mtoto. Fundi alisimama. Hakuwa na haja yoyote. Aliyatazama marumaru meupe na machozi yakamtoka, kwa maana tangu kiharusi machozi nayo yalikuwa hayaombi ruhusa.

Waliporudi, Kitinda aliyaona. "Baba analia."

"Ya furaha hayo," alisema Injinia. "Amemkumbuka mama."

Wakaandikiana. Ile ya gesi. Kupunguza bei, Bwana Dhamana alikubali kuichukua na Bibi, kwa uzito wa chuma chake.

*

Mashine ililetwa siku ya nne asubuhi. Gari lililoileta ndilo lililombeba Bibi. Wanaume watatu walimwinua na bado alikwaruza kizingiti, alama ndefu nyeupe kwenye saruji. Fundi aliketi kwenye kiti chake mlangoni akitazama. Aliponyanyua mkono, wabebaji walidhani anawaaga, nao wakampungia.

Fundi viatu alikuja na kigoda chake kutazama harusi. "Bibi ameachika, mnaleta msichana," alisema. "Mzee, na umri huu utamweza?"

"Ndiyo," alisema Fundi, na watu wote wakacheka.

Injinia alitumia saa tatu kuunganisha bomba la moshi, pampu na kompyuta. Kitinda alifundishwa kazi yake: kila asubuhi, kabla ya kuwasha, kusafisha kioo cha mwanga kwa pamba na spiriti. Chupa ya spiriti ikapata makao kwenye meza ndogo, mkono wa kushoto wa baba yake.

Kisha Injinia akaenda kwenye rafu ya juu, akakishusha kibao cha mama yao kilichofungwa ndani ya kipande cha shuka. Akakifungua. Kiling'aa kama siku kilipofungwa. Mwaka mzima na zaidi, na hapakuwa na doa.

"Tazama mikono ya mtu huyu," alisema fundi viatu, na safari hii hakutania.

Wakasogea wote mashine ilipoanza. Ilikwenda na kurudi, na harufu ile ya chetezo ikajaa chumbani, tamu, kiasi kwamba muuza vioo naye aliacha duka lake akaja kusimama mlangoni akiwa amevua kofia. Jina la kwanza la mama yao likatokea, kisha la pili, kisha la babu yao. Chini yake tarehe mbili. Chini kabisa, kwa herufi za mlazo: *Mke, mama, rafiki.* Injinia ndiye aliyeyapanga maneno hayo na hakumwonyesha mtu.

Kitinda alijifunika mdomo kwa ukingo wa kitambaa cha kichwa.

Injinia alikitoa kibao kwa mikono miwili, akapiga goti mbele ya baba yake, akakiweka mapajani mwake. "Tumemwandika, baba," alisema. "Jumapili tunampelekea."

Fundi alikitazama. Lilikuwa jina la mkewe hasa. Lilikuwa zuri. Mvua ya kwanza ingelilainisha, ya pili ingelibandua, na kufikia mwisho wa masika wanawe wangesimama mbele ya shaba tupu wasijue ni nani aliyemfuta mama yao. Na kabla ya hapo, vibao vya wangapi wengine? Wateja walikuwa wameshaagiza kumi na moja. Alifikiri njia zote alizonazo. Hazikuwa njia. Alikuwa na mkono mmoja, neno moja, na chupa.

Aliichukua chupa, akang'oa kizibo kwa meno, akaimimina.

"Baba!"

Kwa kiganja cha kushoto akasugua. Herufi zililowa, zikavimba, zikageuka tope la kahawia. Likaondoka jina la babu. Zikaondoka tarehe. Akasugua huku akilia, na jina la mkewe likatoka kwenye shaba likaingia kwenye mistari ya kiganja chake, akasugua mpaka *rafiki* nayo ikaisha.

"Mshike!" alisema mtu.

Injinia alikipokonya kibao. "Kwa nini? Kwa sababu hukuandika wewe? Kwa sababu ni mashine? Hata kwa mama, baba? Hata kwa mama unashindana?"

"Ndiyo," alisema Fundi. "Ndiyo. Ndiyo."

"Kaka, usi..."

"Niache! Umemsikia!"

Fundi viatu aliinua kigoda chake polepole, akawatoa watu mlangoni kwa mabega. Maneno mengine si ya kusikilizwa na majirani.

Injinia alikifuta kibao kwa shati lake, akakirudisha mezani, akafunga kifuniko. "Nitaliandika tena," alisema. "Mara kumi nitaliandika."

Mashine ilianza. Kichwa kikaenda na kurudi. Hapakuwa na harufu. Kilipomaliza, Injinia alifungua, na shaba ikamtazama kwa uso wake mwenyewe. Hapakuwa na herufi hata moja. Akaongeza nguvu, akarudia. Akaongeza tena, mpaka mwisho. Mwanga ulipita juu ya shaba kama maji juu ya mgongo wa bata.

Alipiga simu. Sauti ya Bwana Dhamana ilisikika chumba kizima, safi, isiyo na kosa. "Kaka, nilikuambia siku ile. Chuma kitupu haigusi. Ile yenu lazima ilikuwa na kitu juu yake. Rangi, vanishi, kitu. Dhamana? Dhamana ni ya mashine kuharibika, na mashine haijaharibika."

"Na ile ya zamani? Tunaweza kuirudisha?"

"Ile, gari lilipitia nayo moja kwa moja kwa wanunua chuma chakavu. Mchana huu nadhani imeshapigwa nyundo."

Injinia aliweka simu chini kama kitu kinachoweza kuvunjika. Kitinda alikuwa ameshapiga magoti kando ya kopo la vipande. Alichukua kimoja, akadondosha spiriti, akasugua kwa pamba. Akaitazama pamba: ilikuwa na rangi ya asali. Akainusa. Akakumbuka Jumamosi zote za utoto wake, mlango ulioshushwa, na harufu waliyoikuta wakirudi kutoka kula.

"Haikuwa vumbi," alisema.

Alimsogelea baba yake, akamshika kile kiganja kichafu.

"Baba, ulikuwa unazipaka. Hicho ndicho ulichokuwa unatuambia kule kwa Bwana Dhamana."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unaonyesha ile mashine ndogo. Siyo choo."

"Ndiyo."

Injinia alikaa sakafuni, mgongo umeegemea mashine mpya, shati la kazi limelowa spiriti na jina la mama yake. Alionekana kama mwenye miaka tisa, na safari hii redio haikuimba. "Ni dawa gani, baba?" aliuliza. "Tukiijua tutaipaka tena. Ni vanishi ya mbao?"

"Ndiyo."

"Au ni nta?"

"Ndiyo."

"Sandarusi?"

"Ndiyo."

"Mafuta ya taa?"

"Ndiyo," alisema Fundi, akitazama midomo ya mwanawe ikiipita kweli, ikiikanyaga, ikiendelea mbele.

"Acha, kaka," alisema Kitinda. "Hata tukiijua, ni ya kudanganya macho. Herufi itadumu mpaka mvua."

Kaka yake akaacha. Nje, fundi viatu alikuwa akigonga soli, akanyamaza, akagonga tena. Kibao kilikuwa mezani, kitupu, na tayari alama za vidole vya Injinia zilikuwa zimeanza kujichora juu yake, kwa kuwa sasa hapakuwa na cha kuzizuia.

Kitinda hakukiachia kiganja. Aliuliza kwa sauti ndogo, sauti ya mtu ambaye hataki sana kujibiwa.

"Miaka yote hiyo tuko na wewe humu ndani, baba. Hukutuambia kwa sababu hukutuamini?"

Fundi alilitafuta neno lingine. Alilitafuta katika ulimi, nyuma ya meno, chini kabisa kooni yalikolala mengine yote. Wanawe walisubiri. Alijua wangelipokea neno lolote.

"Ndiyo," alisema.

Kitinda aliyatazama macho yake, kama alivyokuwa akiwafundisha watu, kisha akainamisha uso.